Sikio la Dada wa Tanuri

Jumanne, 4 Machi

Mvua imeanza, na imeanza kwa fujo. Maji yamepenya chini ya mlango wa studio mpaka kwenye kapeti la kupigia picha, tukalianika juu ya viti. Wateja hawakuonekana. Nani atake picha ya kitambulisho nywele zikiwa zimelowa chapachapa? Shangazi kakaa kaunta kutwa nzima akilalamika kwamba marehemu mumewe alimwachia studio yenye paa la chujio.

Mimi nimejifungia chumba cha nyuma na kompyuta, nikaendelea na ule anaouita mchezo wangu: kuchukua sura ya mtu na kuivuruga kwenye programu mpaka igeuke kitu kingine. Leo nilijipasua mwenyewe. Nimepanga picha zangu tabaka juu ya tabaka, nikahamisha macho, nikageuza vivuli kuwa rangi ya kutu. Shangazi akachungulia begani kwangu.

"Hiyo usije ukamwonyesha mtu anayetaka kukuoa."

Ijumaa, 7 Machi

Amekuja yule dada anayeoka mikate pale kona. Shangazi anamwita Dada wa Tanuri, kwa kuwa hata akisimama nje kwenye mvua anaonekana kama ametoka motoni. Alitaka picha ya kitambulisho cha kazi. Hana maneno mengi. Ukimsalimia, anakujibu kama anakudai muda wake.

Nilimwambia alegeze mtandio, masikio yaonekane, ndivyo inavyotakiwa. Alisita, kisha akaulegeza. Sikio lake la kushoto limechanika ndewe, pale pa kuvalia hereni, mpaka chini, limepona likabaki pande mbili. Mwanga wa dirishani ulipita katikati ya ule mwanya. Sijawahi kuona kitu kama kile kwenye lenzi.

Nikamwomba anikalie kidogo nimpige nyingine.

"Za nini?"

"Za kujifunzia tu."

"Zisitoke humu ndani."

"Hazitoki, dada."

Akanitazama kama mtu anayesoma maandishi madogo. Kisha akageuza uso upande wa dirisha, nami nikapiga.

Jumatano, 12 Machi

Kazi imenikolea. Nimeuyeyusha uso wa Dada wa Tanuri. Pua nimeivuta ikawa njia ya maji. Mashavu nimeyafunika na picha ya ukuta wetu wenye ukungu, nikafuta na brashi laini mpaka ngozi na chokaa havijulikani kipi ni kipi. Macho yamezama. Sikio tu ndilo sikuligusa. Kila nilipojaribu kulivuruga, picha nzima ilikufa, nikalirudisha.

Hii si sura yake tena. Hata mama yake mzazi angepita bila kugeuka.

Alhamisi, 13 Machi

Mvua. Shangazi goti linamsumbua.

Jumamosi, 22 Machi

Ukumbi wa maktaba wamefungua maonyesho ya kazi za mitaani, nami nimepewa ukuta mzima. Niliweka picha kadhaa, lakini watu walijazana mbele ya moja tu, ile ya sikio. Mwalimu mmoja alisema inamfanya ajihisi anasikilizwa. Wengine waliipiga kwa simu, na mimi mwenyewe nikaipandisha mtandaoni. Nimeiita "Anayesikia".

Nilikumbuka ile ahadi. Nikajiambia niliahidi picha, na hii si picha, ni kazi ya mkono wangu. Nilijijibu haraka mno.

Jumatatu, 24 Machi

Mteja wa kwanza wa kazi zangu! Mwanamume wa makamo, mtanashati, mwavuli mweusi mkubwa. Alikung'uta viatu nje, akauegesha mwavuli pembeni mwa mlango, akamwamkia Shangazi kwa adabu zote. Alisema ameiona "Anayesikia" mtandaoni, akasafiri kuja kuiona kwa macho. Akanunua nakala kubwa bila kuvutana bei. Tumemwita Bwana Mwavuli, na Shangazi amecheka peke yake kutwa, goti amelisahau.

Ijumaa, 28 Machi

Bwana Mwavuli amerudi. Amemletea Shangazi dawa ya kuchua. Akaniuliza kama niliyempiga picha ni mtu wa hapa. Nikamwambia hayo hatuyasemi. Akacheka, akasema naheshimu kazi yangu, na yeye anawapenda watu wa namna hiyo.

Jumatano, 2 Aprili

Leo amepanda ngazi mwenyewe, mvua ikimnyeshea, akaurudisha mfereji wa paa uliokuwa ukimwaga maji ukutani. Shangazi alisimama chini akimshikia ngazi na kumwombea dua.

"Wanaume wa hivi waliisha zamani, mwanangu. Huyu alisahauliwa tu."

Alipokuwa akijifuta mikono aliniuliza, kwa sauti ile ile ya upole, kama anaweza kuiona picha ya mwanzo. "Ile kabla hujaichezea."

"Huwa sizionyeshi."

"Sawa, fundi. Hakuna haraka."

Jumapili, 6 Aprili

Studio imefungwa. Nilipita kona kununua kitu. Bwana Mwavuli alikuwa amesimama ng'ambo, chini ya mwavuli, hafanyi lolote.

Jumanne, 8 Aprili

Nataka kuyaandika haya kama yalivyotokea, maana nikiyasimulia kwa mdomo yanaonekana si kitu.

Bwana Mwavuli alikuja mvua ikiwa imepamba moto. Shangazi akamwekea chai na mkate. Akala taratibu, akausifu.

"Mkate mtamu huu, mama. Mnanunua wapi?"

"Hapo kona tu, mwanangu. Wa asubuhi ndio mzuri zaidi."

Akaitikia kwa kichwa. Kisha akainuka na kikombe mkononi, akaiendea nakala ya "Anayesikia" niliyoitundika karibu na kioo. Akaweka dole gumba juu ya lile sikio. Akalisugua, taratibu, mpaka karatasi ikalia. Nilidhani anaangalia ubora wa wino.

"Limepona vizuri," akasema.

Hakuwa anaongea na mimi wala na Shangazi. Akanywa chai yake yote, akaaga, akachukua mwavuli.

Shangazi alikuwa akikusanya vikombe akiimba. Mimi nilibaki mbele ya picha. Kazi ile ameiona mtandaoni na ukutani. Lilivyokuwa kabla halijapona, amelionea wapi?

Jumatano, 9 Aprili

Nimekwenda kwa Dada wa Tanuri asubuhi, kabla Shangazi hajafungua. Duka la mikate lina mlango wa nyuma unaotokea uchochoroni. Nikabisha. Akafungua yeye, unga umempanda mpaka viwikoni.

Nilimwonyesha picha kwenye simu. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, lakini nilimnyooshea tu simu.

Aliitazama kwa muda. Uso wake haukubadilika. Akaikuza kwa vidole, akafika kwenye sikio, akaacha hapo.

"Ulisema hazitoki."

"Nilidhani ukishaivuruga…"

"Ulidhani." Akanirudishia simu. "Nani ameiona?"

Nikamweleza yule mtu. Viatu vinavyong'aa, sauti ya chini, adabu. Nilipofika kwenye mwavuli alinikatiza.

"Anasema 'hakuna haraka'?"

Nikaitikia kwa kichwa. Akaketi juu ya gunia la unga, polepole, kama mtu aliyeambiwa akae.

"Sikio hili alilichana yeye," akasema. "Kwa hereni. Alininunulia hereni asubuhi, jioni akazivuta. Halafu akanipeleka kushonwa mwenyewe, akanishika mkono njia nzima, wauguzi wakaniambia nimepata mume. Usiku huo huo aliuvuta uzi, ndiyo maana halikuunga. Nimehama miji tangu siku ile. Nywele nimebadilisha, jina nimebadilisha, hata kucheka nimebadilisha. Sikio ndilo sikuweza."

Nikamuuliza kuhusu polisi. Aliguna.

"Nilikwenda. Waliniambia nirudi nyumbani tukayazungumze. Na yeye alikuwa ameshafika, amewanunulia soda."

Nikasema samahani. Nikairudia mpaka ikaanza kuniudhi mwenyewe.

"Usinililie hapa, pana unga wa watu," akasema. "Amekula mkate wangu?"

"Jana."

Ndani ya tanuri kitu kilipasuka kwa joto, sote wawili tukaruka. Kisha akaniambia kwamba jana alasiri kuna mtu alisimama kaunta akauliza nani anaoka. Mwenye duka, yule mama wa sauti kubwa, alimjibu kwamba anaoka mumewe. Mama yule hana mume. Ndivyo anavyowajibu wote wanaouliza maswali ya kijinga.

Niliporudi studio nilimwambia Shangazi kila kitu. Hakuniamini.

"Mtu aliyenitengenezea paa? Wanawake wengine wana maneno, mwanangu. Ndoa ina pande mbili."

"Shangazi, yule alijuaje kwamba limepona?"

Akaenda kuiangalia picha pale ukutani. Karatasi ilikuwa imebaki na doa la mafuta, umbo la dole gumba, sawasawa juu ya mwanya. Shangazi akaigusa, akaurudisha mkono haraka kama ameungua.

"Na mimi nikamwambia hapo kona," akasema. Akakaa chini.

Alhamisi, 10 Aprili

Dada wa Tanuri amekuja kwa mlango wa uani. Hakutaka maneno, alitaka kuona. Nikafuta picha moja baada ya nyingine mbele yake, za kamera, za kompyuta, za akiba, na ile ya mtandaoni. Shangazi aliichana ya ukutani vipande vipande.

"Zimekwisha?"

"Kwangu zimekwisha. Waliopiga kwa simu zao siwezi kuwafikia. Na yeye ana nakala."

"Angalau wewe sasa unasema kweli," akasema.

Nilikuwa namwona mtu mwenye kiburi. Kumbe ni mtu anayezuia mlango kwa bega miaka yote, hana mkono wa kutusalimia.

Jumamosi, 12 Aprili

Amekuja. Mwavuli mahali pale pale. Aliona ukuta mtupu, akatabasamu.

"Umeiondoa."

"Kompyuta imeharibika. Nimepoteza kila kitu."

"Pole sana, fundi." Akamgeukia Shangazi. "Goti je, mama?"

"Linaendelea," Shangazi akajibu, macho kwenye kitambaa anachofutia kioo. Hakumkaribisha chai. Yule mtu akalihisi hilo. Alisimama akitutazama kwa zamu, bila hasira yoyote, kama fundi anayetafuta ufa.

"Programu siku hizi ni ajabu," akasema. "Kilichovurugwa kinarudishwa. Wapo vijana wanaoweza. Hakuna haraka."

Alipotoka Shangazi alifunga mlango kwa komeo mchana kweupe.

Ijumaa, 18 Aprili

Kimya. Mvua bila kukoma. Sijamwona, na kutomwona ni kubaya zaidi. Kila mwavuli mweusi unaopita dirishani unanikata pumzi.

Jumatano, 23 Aprili

Picha za shule, watoto wa darasa la kwanza. Mmoja alikataa kutabasamu kwa sababu ya pengo. Nikamwambia sawa, sitamlazimisha.

Jumatatu, 28 Aprili

Tangazo limeanza kuzunguka kwenye simu za watu. Nililetewa na mteja, kwa nia njema kabisa.

"AMETOWEKA. Mke wangu mpendwa, mgonjwa wa akili. Ukimwona usimwambie kitu, nipigie mimi." Chini, namba ya simu. Juu, uso.

Ni uso wake. Si sawasawa. Aliyeurudisha amekosea mdomo na kumnyoosha pua, lakini macho ameyatoa kwenye maji nilikoyazamisha, na sikio lipo, safi, kama nilivyoliacha. Mtu amekaa mbele ya skrini, mtaalamu kama mimi, akaivua kazi yangu tabaka kwa tabaka, pengine akijisifu.

Na watu walivyo wema! "Mungu amrudishe salama." "Nimewasambazia ndugu zangu wote." "Pole kaka, mapenzi ya kweli haya." Na mmoja: "Kama namfananisha na dada mmoja wa mtaani kwetu."

Usimwambie kitu. Nimeyasoma maneno yale mpaka yakapoteza maana, kisha yakairudisha yote kwa mpigo.

Jumanne, 29 Aprili

Dada wa Tanuri ameondoka. Lori la unga lilipakua asubuhi kama kawaida, na lilipotoka alikuwa amekaa mbele karibu na dereva, kofia ya kiume imefunika masikio. Mwenye duka alisimama mlangoni akimfokea dereva kuhusu magunia yaliyotoboka, kwa sauti iliyojaza mtaa, ili watu wamtazame yeye.

Sikupunga mkono. Alinitazama mara moja kupitia kioo, basi.

Hajui atashukia wapi. Popote atakaposhuka, tangazo limeshatangulia.

Ijumaa, 2 Mei

Wazo lilinijia nikiwa nasubiri maji ya chai yachemke, nikazima jiko nikaenda kwenye kompyuta.

Nimelitengeneza upya lile tangazo. Herufi zile zile, maneno yale yale, namba ile ile. Uso nimeweka wangu, na sikio langu nimelipasua kwa brashi, mwanya mahali pake. Kisha nikamwita Shangazi aone.

Alilitazama kwa muda mrefu.

"Na mimi nitie."

"Shangazi, una miaka sitini na kitu."

"Kwani wazee hawatoweki? Nitie, na mikunjo uiache."

Mwenye duka la mikate akaja kutaka yake, akaja na wauzaji wake wote. Akaja yule mwalimu wa kule maktaba. Wakaja wanawake ambao sikuwa nimewaambia, waliosikia kwa wenzao. Safari hii nilimuuliza kila mmoja, nikamweleza hatari yake, nikamwonyesha uso wake kabla haujatoka mlangoni. Mmoja aliomba nisimtumie, nikafuta hapo hapo akiona. Wengine walikaa kwenye kile kiti, wakageuza shavu dirishani, kimya, na mara mbili tatu nilikuta sina haja ya kuongeza kovu. Walikuwa nalo tayari, mahali pengine.

Kufikia saa za kufunga, wake waliotoweka walikuwa wamejaa kwenye simu za mji. Wanene, wembamba, weusi, maji ya kunde, wote wenye sikio lile lile lililochanika, na wa kweli amezama katikati yao.

Jumapili, 4 Mei

Mtandaoni watu wamechanganyikiwa. "Sasa huyu mwanamume ana wake wangapi?" Wanampigia usiku na mchana, wengine kumcheka. Mtu mmoja amejibiwa matusi, akayarekodi, akayaweka hadharani. Sauti ile ya upole imekwisha.

Alhamisi, 8 Mei

Mvua imekatika juzi. Jua limetoka kali, matope yameanza kupasuka barabarani. Nilikuwa najaribu taa, kamera ipo kwenye stendi yake ya miguu mitatu, nilipomsikia Shangazi akisema kwa sauti kubwa isiyo ya kawaida, "Karibu, baba. Leo bila mwavuli?"

Alikuwa ameingia mpaka katikati ya chumba. Viatu vina matope. Hakumwamkia. Akatupa juu ya kaunta rundo la karatasi, matangazo yetu, ameyachapisha yote.

"Mmoja wenu ananichezea."

"Sisi ni watu wa picha tu," Shangazi akasema. Alikuwa ameshika ukingo wa kaunta.

"Yuko wapi?"

Akanijia mimi. Hakupiga kelele. Alisogea mpaka nikanusa chai kwenye pumzi yake, akanyoosha mkono, akalishika sikio langu la kushoto kati ya dole gumba na kidole cha shahada. Kwa upole. Kama anapima kitambaa.

"Wewe unajua kuchora mwanya," akasema. "Hujui unavyouma."

Mkono wangu ulikuwa nyuma, umeegemea kamera, na kidole kikapata kile kitufe cha kupigia. Sikukusudia ushujaa. Nilibonyeza kama mtu anavyoshika ukuta gizani. Taa ikapiga.

Akaliachia sikio. Akarudi nyuma, akauinua mkono kujifunika uso, lakini nilikuwa nimeshaigeuza lenzi nikapiga tena, na tena, taa ikimpasua kila mara.

"Futa."

"Hii siigusi," nikasema.

Shangazi alikuwa ameshafungua mlango wazi, anapiga mayowe ya kumwita mwenye duka la mikate, na mwenye duka la mikate hahitaji kuitwa mara mbili. Mtaa ukaanza kutoa vichwa. Yule mtu akairekebisha kola yake, kwa kweli aliirekebisha, akatoka akitembea. Watu wakampisha njia. Hakuna aliyemgusa, naye hakukimbia.

Shangazi aliniweka kwenye kiti, akalichunguza sikio langu pande zote, akalifuta kwa kanga yake ingawa halikuwa na kitu. Kisha yeye ndiye akalia.

Ijumaa, 9 Mei

Tumekwenda polisi tukiwa kundi, na picha mkononi. Picha ni safi, uso mzima, mkono umenyooka kwenye sikio langu. Askari wa kike ameipokea, akaitazama, akaandika. Amesema watamtafuta. Mwenzake wa meza ya pili aliuliza kama hatukuweza kuyamaliza kwa mazungumzo. Yule wa kike hakumjibu, aliendelea kuandika.

Jumatatu, 19 Mei

Hawajampata. Namba yake haipatikani. Mwenye duka la mikate ameibandika sura ya mtu yule kando ya tanuri, na kila mfanyakazi mpya anaonyeshwa kabla ya kufundishwa kukanda.

Leo simu imeita, namba nisiyoijua. Nilijua ni nani kwa jinsi alivyonyamaza kwanza.

"Nimeliona tangazo huku," akasema. "Lina sura ya shangazi yako." Akatoa sauti ambayo nadhani ni kicheko, kile alichosema amekibadilisha. "Mikunjo yote."

Nikamuuliza yuko salama. Akasema leo yuko salama. Amepata kazi ya kuoka tena, pana mlinzi getini.

"Nasikia ulimpiga picha."

"Nilimpiga."

"Amezeeka?"

"Kidogo. Hapa kwenye macho."

Nyuma yake nilisikia mtu akiburuta trei za chuma.

"Nitumie. Usiiguse hata kidogo, nataka alivyo. Itoe kubwa, mlinzi aione kila anapofungua geti."

Nimekaa nayo alasiri nzima kwenye skrini bila kufungua programu yoyote. Kisha nikaituma kwenye printa. Wino mweusi uliishia kwenye mabega, ikabidi Shangazi atoke kwenda kununua mwingine. Nikamsindikiza.